Mtambo wa Kijani Unaohesabu Mpaka Nne

Linapanda! Jamani, linapanda!

Nilipiga kelele hivyo saa nne na robo asubuhi, Jumamosi, nikiwa peke yangu chumbani mbele ya chupa ya kioo iliyowahi kuwa ya siagi ya karanga. Ndani yake kulikuwa na fungu la nyuzi za kijani nililolizoa alfajiri kwenye dimbwi la kumwagilia mchicha, bondeni nyuma ya nyumba ninayopanga. Nilipoiweka chupa dirishani, fungu lilikuwa limelala chini kama kitambaa cha kudekia. Jua likaifikia. Nyuzi zikaanza kushika vipovu vidogo kuliko mbegu za mchicha wenyewe, kimoja hapa, vitatu pale, kisha nikapoteza hesabu. Fungu likavimba mgongo, likajinyanyua upande mmoja, likasita, halafu zima zima likaja juu kuelea.

Mama mwenye nyumba akachungulia mlangoni. "Baba, kuna nini? Nyoka?"

"Hapana mama. Oksijeni."

Akaitazama chupa, akanitazama mimi, akasema huo uchafu ikifika jioni uwe umetoka, asije akaletewa mbu.

Wanaonisoma wamezoea niwakagulie simu, spika na paneli za sola, niwaambie ipi inafaa na ipi ni hasara tupu. Leo sikagui kitu cha dukani. Nakagua mtambo uliomo ndani ya zile nyuzi. Umekuwa kazini kwa zaidi ya miaka bilioni mbili, na mimi kwa ujinga wangu nimekuwa nikiukwangua kwa brashi kila nikisafisha tangi la maji. Ndiyo kwanza nauangalia. Mtanisamehe nikipaza sauti.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Ukitaja mwani, mtu wa pwani anaona kamba na vigingi vya Paje na Jambiani, akina mama wakivuna maji yakitoka. Ule ni wa ukoo wa mwani mwekundu. Wa kwangu ni mwani wa kijani wa maji baridi, Spirogyra, ambao wengi tuliuchora kwenye daftari la baiolojia bila kuwahi kuushika. Ushike. Unateleza kama mlenda. Nimeuweka chini ya hadubini niliyoinunua imeshatumika, yenye mkwaruzo kwenye kioo kimoja, nikaukuza mara 400. Kila seli ni mrija mwangavu, na ndani yake utepe wa kijani umejizungusha kama ukili unaoshonwa kapu. Utepe huo ndio kloroplasti. Juu yake kuna vidonge vimepangwa kwa nafasi, vinaitwa pirenoidi. Vikumbuke, nitavirudia.

Sasa shika kiti.

Maji ni kitu kigumu kuvunja. Ukiyachemsha yanakuwa mvuke, na mvuke ni maji yale yale. Moto wa jikoni hauyawezi, kwa sababu maji ni mabaki ya hidrojeni iliyokwisha kuungua; huwezi kuchoma jivu. Ukitaka kuyatenganisha kwa umeme, unahitaji angalau volti 1.23, wakati seli moja ya silikoni kwenye paneli yako ya sola inatoa kama volti 0.6. Utaunga seli tatu au nne, na bado utatafuta vyuma vya bei mbaya vya kutumbukiza majini. Uzi wangu wa bondeni unafanya kazi hiyo hiyo kwa mwanga wa dirishani, ndani ya maji ya vuguvugu, bila feni na bila kunguruma.

Anayefanya kazi hiyo ni kimeng'enya. Shuleni vimeng'enya tulifundishwa kwa mfano wa mate: tafuna ugali kwa muda mrefu, wanga unakatwa, unakuwa mtamu. Ni kweli, lakini kumbe tulionyeshwa panga tukafichwa trekta. Kimeng'enya cha leo kinaitwa fotosistimu ya pili, japo kazi ya usanisinuru inaanzia kwake. Kimezama ndani ya utando wa kloroplasti, kimezungukwa na klorofili zinazonasa mwanga kama madishi juu ya paa. Mwanga ukinaswa, nguvu yake inapokezanwa mpaka kwenye klorofili za katikati, na hapo elektroni moja inarushwa nje. Pengo inaloliacha lina uroho wa elektroni kuliko kitu chochote kinachojulikana ndani ya kiumbe hai, zaidi ya volti 1.2. Uroho huo ndio unaoelekezwa kwenye maji.

Lakini hauyarukii moja kwa moja. Katikati kuna fundo: atomu nne za manganizi, moja ya kalisi, tano za oksijeni. Basi! Manganizi ni ile iliyomo kwenye unga mweusi wa betri za tochi. Kalisi ni ya mifupa yako na ya chokaa ya ukutani. Hakuna dhahabu humo wala platini.

Fundo hilo nimeliona kwa simu yangu ya kawaida kabisa, iliyokwisha kupasuka kioo. Mwaka 2011, Jian-Ren Shen wa Okayama na Nobuo Kamiya wa Osaka, pamoja na wenzao, walichapisha ramani ya mtambo huu iliyo kali kiasi cha kuonyesha atomu moja moja. Mtambo wenyewe waliutoa kwenye sianobakteria wa chemchemi ya maji moto. Ramani iko wazi kwa kila mtu, bure. Nikaifungua, nikaigeuza kwa kidole, nikapenya katikati ya misitu ya protini mpaka nikafika. Wenyewe walisema umbo lake ni la kiti kilichopinda, na kweli ni kile kiti cha plastiki kilichokaliwa na mjomba mzito harusini, kimebonyea mguu mmoja na bado kimesimama. Mwaka 2019 ikatoka picha ya mtambo wa mwani wa kijani wenyewe, Chlamydomonas, kiumbe cha seli moja chenye mikia miwili. Sehemu ya katikati ni ya muundo ule ule. Tofauti iko kwenye madishi: Chlamydomonas ameyapanga mengi kuliko ilivyozoeleka kwa mimea ya nchi kavu.

Na sasa naomba nifike kwenye kitu kilichoninyima usingizi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Ufaransa, Pierre Joliot alikuwa na kifaa cha kupima oksijeni chenye wepesi wa ajabu. Aliuweka mwani wa kijani Chlorella gizani, kisha akaumulika kwa mimweko mifupi mno, mmoja mmoja, kama taa ya kamera. Mmweko wa kwanza: hakuna kitu. Wa pili: karibu hakuna kitu. Wa tatu: oksijeni ikatoka kwa kishindo! Wa nne pungufu, wa tano pungufu zaidi, halafu wa saba ikapanda tena. Wa 11 tena. Tatu, saba, 11. Baada ya ule wa tatu, kila mmweko wa nne una neema.

Ukisoma hayo saa saba usiku unabaki umekodoa macho. Kitu kisicho na ubongo kinahesabu mpaka nne! Mwaka 1970 Bessel Kok na wenzake wakaeleza kinachotokea, na mimi nitakieleza kwa daladala. Kila fundo la manganizi ni gari lenye viti vinne, na dereva haondoki mpaka viti vijae. Kila mmweko unapandisha abiria mmoja, yaani unaling'oa fundo elektroni moja. Vikijaa vinne, fundo linalipwa deni lake lote kwa mara moja: linachukua elektroni nne kutoka kwa molekuli mbili za maji, oksijeni mbili zilizobaki zinashikana na kuondoka pamoja, na gari linarudi tupu kituoni. Mbona basi mara ya kwanza ilikuwa mmweko wa tatu na si wa nne? Kwa sababu gizani magari mengi hulala yakiwa na abiria mmoja tayari ndani. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikazunguka chumba.

Na kuna utamu mwingine. Mimweko ikiendelea, ule mpangilio unafifia, oksijeni inatoka kwa kiwango kilekile kila mara. Kumbe kila mmweko kuna magari machache yaliyokosa abiria, na machache yaliyopandisha wawili kwa mpigo, basi taratibu yanaachana hatua, kama waimbaji wa kwaya wasio na mwalimu. Kwenye chupa yangu, chini ya jua lisilomweka, magari yote yako kwenye hatua tofauti, ndiyo maana vipovu vinatoka bila kukatika. Hatua yenyewe ya oksijeni mbili kushikana bado inabishaniwa na mabingwa. Mwaka 2023 kuna waliomulika kwa mapigo ya eksirei mafupi kupindukia ili wainase ikitokea, na mjadala umezidi kunoga.

Nisije nikasahau: kwamba oksijeni hii inatoka kwenye maji halikuwa jambo la wazi. Ile kanuni ya shuleni, hewa ukaa jumlisha maji, inaweza kukudanganya kirahisi kwamba mwani unaikata hewa ukaa, unabaki na kaboni na kutupa oksijeni. Mwaka 1941, California, Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao waliupa Chlorella maji yenye oksijeni nzito, ile ya uzito wa 18 badala ya 16. Hewa iliyotoka ikawa na uzito kulingana na maji, si kulingana na hewa ukaa. Kesi ikafungwa. Tunavuta pumzi kwa mabaki ya maji yaliyovunjwa, ambayo mtambo wenyewe hauyahitaji. Unachotaka wenyewe ni elektroni.

Hapo ndipo vinapoingia vimeng'enya vingine, na hapo ndipo wakaguzi wengi wa haraka wangeishia njiani. Mtambo wa kuvunja maji haufiki mbali kama elektroni hazina pa kwenda. Ni kama mashine ya kukoboa mahindi: mfuko wa kupokelea ukijaa, mashine inakaba. Elektroni zinapokezanwa kwenye utando, zinapigwa teke la pili la mwanga kwenye fotosistimu ya kwanza, kisha kimeng'enya kimoja kinazifungasha kwenye kibebeo kiitwacho NADPH. Protoni zilizobaki kwenye maji yaliyovunjwa zinarundikana upande mmoja wa utando, na zikitaka kutoka mlango ni mmoja tu: kimeng'enya kinachozunguka kama pangaboi na kutengeneza ATP kila zinapopita. Nasema kinazunguka, na simaanishi mafumbo. Kinazunguka.

NADPH na ATP zinakwenda kutumiwa kuigeuza hewa ukaa kuwa sukari, na mlango wa huko umeshikwa na mzee mmoja mgumu, kimeng'enya Rubisko. Kusema kweli ndiye sehemu dhaifu ya kifurushi hiki. Ni mzito, anashughulikia molekuli chache tu kwa sekunde, na macho yake hayaoni vizuri: mara kwa mara anaichukua oksijeni akidhani ni hewa ukaa, kazi inaharibika. Fikiria, mtambo unatoa oksijeni, na oksijeni hiyo hiyo inamchanganya karani wa mlango wa sukari!

Suluhisho la mwani ndilo lililonifanya nirudi kwenye hadubini. Vile vidonge juu ya utepe, pirenoidi, ni chumba alichofungiwa Rubisko. Mwani umewasonga akina Rubisko pamoja, kisha unawamwagia hewa ukaa kwa wingi mpaka wasipate nafasi ya kukosea. Mwaka 2016 ikatambuliwa kwenye Chlamydomonas protini inayowashikanisha humo, EPYC1. Na anayepeleka hewa ukaa ni kimeng'enya kiitwacho anhidrasi ya kaboni. Majini, kaboni nyingi inakaa kwa sura ya bikaboneti, na anhidrasi inaibadilisha kuwa hewa ukaa kwa kasi ya kutisha; walio wepesi zaidi katika ukoo huo wanafikia mara milioni moja kwa sekunde. Ukoo huo uko hata ndani ya damu yako sasa hivi, kwenye chembe nyekundu, ukikusaidia kuitoa hewa ukaa mwilini. Chlamydomonas walioondolewa anhidrasi moja tu kati ya walizo nazo, ile inayokaa ndani ya tando za usanisinuru, hudhoofu kwenye hewa ya kawaida, mpaka waongezewe hewa ukaa.

Nilijaribu. Chupa mbili, nyuzi kutoka fungu moja, dirisha moja. Zote mbili nikazitia maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kuwa kuchemsha hufukuza hewa zilizoyeyuka, na moja nikaongeza ncha ya kijiko ya bikaboneti, ile soda nyeupe ya kuumulia maandazi. Baada ya nusu saa chupa yenye soda ilikuwa imejaa vipovu kama kinywaji kilichotikiswa. Nyingine ilikuwa na vichache, vya kuhesabika. Mwanga ni ule ule, mtambo wa kuvunja maji ni ule ule. Kilichopungua ni kazi ya mlango wa Rubisko, na kipovu cha mtambo wa kuvunja maji kikapotea. Hilo hakuna mchoro wa daftari uliowahi kunieleza.

Sasa kasoro, maana bila kasoro mtasema nimehongwa. Mtambo huu unajiunguza wenyewe. Katikati yake kuna protini iitwayo D1 ambayo inaharibiwa na mwanga ule ule inaotumia. Kwenye jua kali inahitaji kubadilishwa kila baada ya nusu saa hivi. Nusu saa! Ningekagua simu ya namna hiyo ningeirudisha dukani ikiwa na risiti yake. Ila huduma baada ya mauzo haina mfano: kimeng'enya FtsH kinakuja, kinaitafuna D1 iliyokufa, mpya inatengenezwa na kupachikwa mahali pake, fundo la manganizi linaunganishwa upya, kazi inaendelea. Pembeni wako wazimamoto. Oksijeni ikishika elektroni iliyopotea njia inageuka sumu, na kimeng'enya kimoja kinaipoza kuwa peroksidi ya hidrojeni. Katalesi anaikata peroksidi hiyo kuwa maji na, usicheke, oksijeni.

Kwa wenye ndoto za mafuta ya hidrojeni, jueni kwamba baadhi ya mwani wa kijani una kimeng'enya cha kuitengeneza pia. Hans Gaffron alishaonyesha hivyo kwa Scenedesmus kabla ya katikati ya karne iliyopita. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho kinauawa na oksijeni, na mwani ukiwa juani hauwezi kuacha kuitoa. Wajanja hujaribu kuunyima salfa ili kuipunguza. Sijashawishika, ni kumfunga ng'ombe mdomo ili atoe maziwa.

Kasoro ya pili inawahusu wafugaji wa samaki. Giza likiingia mtambo unazima, lakini seli zinaendelea kupumua kama sisi. Bwawa la kijani kibichi linaloonekana limeneemeka mchana linaweza kumaliza oksijeni usiku kucha, na alfajiri ukawakuta samaki wamekuja juu wakitwetea midomo wazi. Hilo si kosa la mtambo, ni kosa la mwenye bwawa kuzidisha mbolea.

Saa kumi na mbili na nusu jioni vipovu vya chupa yangu vilikuwa vimepasuka au kuyeyuka, na fungu likazama taratibu likalala pale pale lilipokuwa asubuhi. Mama mwenye nyumba alikuja kukumbusha. Nikamwomba siku moja zaidi, nikamkalisha mbele ya hadubini. Aliangalia utepe ule muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza kama kwenye tangi letu upo na wenyewe.

Hukumu yangu: nimekagua vifaa vingi, hiki ndicho cha kwanza ambacho nikikifungua ndani nakuta kazi nzuri kuliko nje. Nawe jaribu Jumamosi hii. Nyuzi za kijani zinazoteleza, maji ya dimbwi lao, soda kidogo, chupa safi ya kioo, dirisha la upande wa mashariki. Mfuniko usiukaze.